UCHAMBUZI: Mafunzo ya uokoaji yasinunuliwe kwa bei ya rejareja

KILA jengo linapoporomoka au mto unapovunja kingo na kusomba magari, Wakenya huuliza swali moja: Waokoaji wako wapi? Lipo swali la pili ambalo huulizwa kwa nadra, ilhali ndilo zito zaidi. Waokoaji hao walifunzwa na nani, wakafunzwa nini, na ni nani aliyewapima na kuthibitisha kwamba wamehitimu?

Historia ya taifa hili inatoa sababu tosha ya kuliuliza. Magaidi waliposhambulia ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mnamo Agosti 7, 1998 na kuua watu 213, Kenya ilitegemea kikosi kutoka Israeli kusaidia kuwatoa waliofukiwa chini ya vifusi vya jumba la Ufundi. Januari 23, 2006, jengo lililokuwa likijengwa katika barabara ya Ronald Ngala, Nairobi, liliporomoka na waokoaji wa Israeli wakaitwa tena. Zaidi ya miaka saba ilikuwa imepita kati ya mikasa hiyo miwili.

Septemba 29, 2019, gari lilitumbukia baharini kutoka kwa feri katika kivuko cha Likoni likiwa na mama na bintiye. Ilichukua siku 13 kabla ya gari na miili hiyo kutolewa katika kina cha zaidi ya mita 50, huku taifa zima likitazama.

Hata hivyo, si haki kudai kwamba Wakenya hawana uwezo. Jengo la makazi lilipoporomoka mtaani Huruma usiku wa Aprili 29, 2016 na kuua zaidi ya watu 50, wanajeshi, vijana wa NYS, Msalaba Mwekundu na wahudumu wengine walifukua kwa siku nyingi. Mtoto mchanga alipatikana hai baada ya takriban saa 80, na mwanamke mmoja akatolewa akiwa hai siku ya sita. Ufanisi huo ulionyesha bayana kwamba subira na ujuzi vikikutana, hata vifusi hutoa uhai.

Tatizo ni kwamba ujuzi wa aina hiyo haujaenea. Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, ilizipa kaunti zote 47 jukumu la huduma za kuzima moto na kudhibiti majanga. Kwa hivyo, katika kila kaunti yupo afisa anayepaswa kuamua wahudumu wake watafunzwa na nani. Uamuzi huo, unaofanywa kimyakimya ofisini, ndio utakaoamua nani atarudi nyumbani siku ya mkasa.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kila mzima moto ni mwokoaji. Kuzima moto ni taaluma moja. Kutoa mtu kwenye kisima, kwenye mtaro uliomfukia, kwenye mafuriko au chini ya zege ni taaluma nyingine, na kila mojawapo ina kanuni zake.

Chukua mfano wa maji. Kasi ya mto ikiongezeka maradufu, nguvu zake za kumsukuma mtu huongezeka mara nne. Mzima moto anayejitosa humo akiwa na buti na mavazi yake mazito ya kazi huenda akawa maiti ya pili badala ya kuwa mwokozi wa kwanza.

Chukua pia mfano wa mtu aliyebanwa na zege kwa saa nyingi. Anaweza kuzungumza na waokoaji, akawatajia hata majina ya wanawe, kisha akakata roho dakika chache baada ya zege kuinuliwa. Hii ni kwa sababu potasiamu na sumu zilizojikusanya katika misuli iliyopondeka huingia kwenye damu ghafla na kuusimamisha moyo. Mwokoaji aliyefunzwa hujua kwamba matibabu huanza kabla ya zege kuinuliwa. Asiyefunzwa huvuta tu.

Hatari kubwa zaidi imo katika visima, matangi na mashimo ya maji taka. Gesi ya haidrojeni salfaidi hunuka kama mayai yaliyooza, lakini inapozidi huua uwezo wa pua kunusa, na mtu akadhani imetoweka. Anayeshuka kumwokoa mwenzake huanguka juu yake, na wa tatu akawafuata. Taasisi ya Kitaifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani ilionya mwaka wa 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliofariki katika sehemu finyu za aina hiyo walikuwa watu waliojaribu kuwaokoa wengine.

Takwimu hiyo pekee yatosha kumfanya afisa wa ununuzi asite kabla ya kutia sahihi. Mafunzo duni ni mabaya kuliko kukosa mafunzo, maadamu humpa mtu ujasiri bila maarifa. Asiyefunzwa huenda akaogopa na kusubiri. Aliye na cheti cha semina ya siku mbili hotelini hushuka shimoni.

Je, mkufunzi bora atambuliweje?

Jambo la kwanza si mkufunzi, bali ni kaunti kujijua. Kakamega na Migori zina migodi ya dhahabu ambayo huporomoka. Tana River ina mafuriko. Nairobi ina majumba marefu, na Mombasa ina bahari. Kaunti isiyoorodhesha hatari zake kwanza itauziwa chochote ambacho muuzaji anacho. Ni sawa na mgonjwa kumwachia mwenye duka la dawa achague ugonjwa.

Pili, mafunzo yafuate viwango vinavyotambulika. Chama cha Kitaifa cha Kinga dhidi ya Moto cha Marekani, maarufu kama NFPA, kimeweka ngazi tatu za waokoaji. Wa ngazi ya kwanza hutambua hatari, huzuia watu kukaribia na kuita msaada. Wa pili hufanya kazi ya uokoaji kwa mipaka maalumu. Wa tatu ni mafundi waliobobea. Mkufunzi asiyeweza kusema wanafunzi wake watafika ngazi gani hafai kulipwa. Kwa upande wa majumba yaliyoporomoka, shirika la INSARAG, lililoundwa mwaka wa 1991 chini ya Umoja wa Mataifa, lina mwongozo wake wa kupima vikosi.

Tatu, mtahini asiwe yule yule mkufunzi. Anayeuza mafunzo ana kila sababu ya kumpasisha kila mtu. Cheti chenye thamani ni kile ambacho baadhi ya wanafunzi hukikosa.

Nne, saa za vitendo zizidi za darasani. Kamba haifundishwi kwa picha ukutani. Mwanafunzi afunge fundo gizani, mvuani na akiwa amechoka. Ashuke shimoni akiwa na mtungi wa hewa mgongoni, baada ya kipima gesi kutangulia. Fauka ya hayo, ajifunze kwa vifaa vile vile atakavyovikuta kazini, kwani vifaa vya kisasa vya mkufunzi havitakuwepo usiku wa mkasa.

Tano, mkataba utaje marudio. Ujuzi wa uokoaji huchakaa upesi kwa kuwa hautumiki kila siku. Kikosi kilichofunzwa mara moja na kusahauliwa ni sawa na panga lililoachwa kwenye mvua.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ghali, na kaunti hazina fedha. Hoja hiyo ina uzito, lakini haikosi jibu. Si lazima kila mhudumu awe fundi. Wote wafikishwe ngazi ya kwanza, ambayo gharama yake ni nafuu, kisha wachache wateuliwe kwa ujuzi wa juu. Kaunti jirani zinaweza kugawana kikosi kimoja cha mafundi badala ya kila mojawapo kuwa na kikosi dhaifu.

Hali kadhalika, kisingizio kwamba sheria hulazimisha kuchukua bei ya chini hakina mashiko. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inaruhusu huduma za kitaalamu kupimwa kwa ubora pamoja na gharama. Anayetaka ubora ana njia ya kuupata. Asiyeutaka ndiye hujificha nyuma ya bei.

Raia wa kawaida pia wasiachwe nje. Tetemeko la ardhi lilipokumba Kobe, Japani, mnamo Januari 17, 1995, wengi wa waliotolewa vifusini wakiwa hai waliokolewa na jamaa na majirani zao. Hata Huruma, majirani ndio waliokuwa wa kwanza kufika. Mafunzo mafupi mitaani, hasa ya kujua wakati wa kutoingia, yangewalinda watu hawa wenye moyo wa huruma ambao leo huingia hatarini mikono mitupu.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, na ni kweli kwamba ujenzi unaofuata sheria ungepunguza mikasa hii. Lakini majumba mabovu tayari yamesimama, visima vimechimbwa na mvua hazingoji bajeti. Bunge za kaunti zinapopitisha makadirio ya fedha, waakilishi wadi wasitosheke na idadi ya magari mapya ya zimamoto yaliyopigwa rangi nyekundu. Waulize ni wahudumu wangapi wamehitimu, katika ngazi ipi, na lini walijaribiwa mara ya mwisho.