Tusiisingizie Baridi

Wakulima wenzangu wa skimu za Kinangop,

Kila mwaka, mvua ya masika ikaribiapo, watu hufika ofisi ya kilimo wakitafuta miche ya pareto. Ukimwuliza mmoja wao kitalu chake kimepatwa na nini, atajibu, “Kimeuawa na baridi.” Basi huomba miche kwa jirani, na akiikosa, shamba hulala bila pareto na karo ya mtoto hukosa mahali pa kutoka. Mimi naona twaisingizia baridi.

Pareto ni mmea wa baridi. Asili yake ni Dalmatia, katika pwani ya Kroatia, nao uliletwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Ulistawi huku juu kwa sababu usipopata baridi hautoi maua mengi. Huko Uingereza, ambako baridi ni kali kuliko yetu, watu hupanda katika vyungu maua ya krisanthemu, ambayo ni ndugu ya pareto. Baridi ikianza hukata mashina, huingiza vyungu pahali pasipoganda, na kuvinyunyizia maji kidogo tu mpaka joto lirudi. Wanajua kwamba baridi na mizizi iliyolowa zikikutana, mmea huoza.

Sisi je? Kitalu twakiweka bondeni kwa kuwa maji yako karibu. Hapo ndipo tunapokosea. Usiku wa Januari na Februari, mbingu zikiwa wazi na upepo umetulia, hewa ya baridi huwa nzito, ikateremka kama maji na kutuama bondeni. Asubuhi huko chini ni jalidi tupu, nyasi ni nyeupe, hali miche ya mtelemkoni haikuguswa.

Wapo wasemao kupandisha maji ni taabu. Ni kweli, na taabu hiyo mara nyingi huwaangukia akina mama na watoto. Lakini kitalu ni kidogo, na mwenye shamba naye ana mabega. Afadhali debe la maji kila siku kuliko mwaka mzima bila maua.

Basi tufanye hivi. Kitalu kiwe mtelemkoni, pahali pasipotuama maji. Juu yake tujenge kichanja cha nyasi. Tukifunike jioni kabla jua halijatua, ili joto la udongo lisipotee, na asubuhi tukifunue miche ipate hewa. Udongo uwe na unyevu kidogo, maana udongo mkavu hautunzi joto, lakini usiwe tope. Tena tusitie mbolea ya kukuza majani kabla baridi haijapita, kwa kuwa jani changa ndilo huungua kwanza.

Jambo la mwisho ni haraka. Majani yakigeuka meusi, wengi wetu hushika jembe siku ile ile. Ngoja! Majani yaliyokufa hufunika moyo wa mche. Baada ya siku kadhaa, kwaruza shina karibu na mizizi kwa ukucha. Likiwa gumu na jeupe ndani, mche u hai, nao utachipuka mvua ikinyesha. Likiwa laini na la kahawia, umeoza, huo ng’oa.

Miche mingi iliyotupwa ukingoni mwa shamba ilikuwa hai. Haikuuawa na baridi, iliuawa na jembe. Tahadhari kabla ya hatari.