Mtoto Akilia Hotelini, Mnamwangalia Nani?

Kuna vidio yangu nimeifuta wiki hii. Wengi wenu mliiona. Ni ile niko hoteli moja hapa Kitale, mtoto analia meza ya nyuma, na mimi nageuza macho mbele ya kamera nikisema, "Kama huwezi kumtuliza, mlete akifika miaka kumi." Mlicheka. Mliisambaza. Hakuna kitu nimewahi kuposti kikatazamwa kama hicho. Nimeifuta kwa sababu mwezi wa nane nimekula nje siku thelathini na moja na watoto wawili, na nimejua nilikuwa naongea ujinga.

Stori yenyewe ni hii. Tangu niache chuo mwaka wa pili naishi kwa dada yangu, Tuwan. Kuna dada, shemeji, na wapwa zangu wawili: msichana wa miaka mitano, na kijana wa mwaka mmoja na nusu ambaye akiamua kulia, ploti yote inajua. Nyumba ni ya kupanga. Mwisho wa mwezi wa saba dari ya jikoni ilianguka usiku wa mvua, ikashuka na nyaya za stima. Mwenye nyumba akasema fundi atamaliza kwa wiki moja. Wiki moja ikawa mwezi. Kodi haikupungua hata shilingi.

Najua swali lenu. "Si mngepika nje?" Agosti, Kitale hii? Mvua ya hapa ikianza mchana haiulizi kama umeinjika sufuria. "Basi si mngepika kwa chumba cha kulala?" Jiko la makaa kwa chumba kilichofungwa linatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu, na msimu wa baridi ndio tunasikia habari za watu waliolala wasiamke. Mtungi wa gesi nao, kando ya kitanda cha mtoto anayegusa kila kitu? Dada alisema hapana. Tutakula nje, bei iwe bei.

Na bei ilikuwa bei. Chai na mandazi asubuhi, chapati madondo mchana, ugali na mboga jioni, siku ya nyama tunahesabu vidole kwanza. Kama shilingi 950 kwa siku. Zidisha mara 31 upate 29,450. Nyumbani tungetumia karibu nusu. Dada anauza mitumba, na hiyo ndiyo pesa ya kuongeza mzigo. Mwezi huo mzigo haukuongezwa. Kwa hivyo yule aliyetuona kila siku hotelini akasema "hawa wamepata pesa", ajue ilikuwa pesa inatoka, haiingii.

Sasa nifikie kile kitu kilinifanya niandike.

Watoto walikuwa wale wale. Hoteli zilikuwa zile zile. Kitu kimoja tu kilikuwa kinabadilika: nani amewaleta.

Akiwaleta dada peke yake, mdogo akiangusha kijiko, weita anakiokota huku akivuta pumzi ndiyo tusikie. Siku moja mzee mmoja kwa dirisha alimwambia, "Mama, mtoto hufundishwa adabu." Simu ya huyo mzee ilikuwa inahubiri kwa sauti ya juu tangu tuingie, hoteli nzima tumeokoka kwa lazima. Siku nyingine mama fulani, hata hatumjui, aliinama kabisa akauliza, "Kwani nyumbani hupiki?"

Akiwaleta shemeji, mdogo akamwaga chai meza yote, watu wanacheka. "Pole baba! Baba mzuri sana, unatembeza watoto!" Kitambaa kinaletwa mbio, na mandazi la bure juu.

Nikiwaleta mimi? Mdogo alirusha ugali ukaangukia meza ya wasichana wawili. Wakasema, "Aki ankal, umejaribu." Mmoja akaniuliza kama niko na mtu.

Nikaanza kuandika kwa simu. Dada aliwaleta peke yake mara kumi na nne, na mara tisa kati ya hizo mtu asiyemjua alimwambia neno baya. Shemeji mara sita, mimi mara tano. Wanaume wawili, mara kumi na moja: lawama sufuri, mandazi ya bure matatu. Sisemi ni utafiti. Ni noti za simu za mtu aliyeacha chuo. Lakini hata mimi najua kusoma hesabu hiyo.

Kwa hivyo msiniambie mnachukia kelele. Watu wa Kitale hawachukii kelele. Tunapita steji, makanga wanaita Eldoret, Bungoma, Kapenguria mpaka masikio yanauma, na hatuwaambii wakue na adabu. Mpira ukiwa kwa tivii wanaume wazima wanapiga meza mpaka vikombe vinaruka, na weita anatabasamu. Kelele tunaivumilia vizuri sana. Yule hatumvumilii ni mama aliyekaa chini kula.

Na si Kitale pekee. Mwezi wa tano 2018, wengi wenu mkiwa bado shule ya msingi, mama mmoja Nairobi alisimulia mtandaoni kwamba alikuwa ananyonyesha mtoto wake hotelini akaambiwa ajifunike, kisha akaambiwa aende choo. Choo! Mtoto ale chooni. Akina mama wakaandamana katikati ya jiji. Watu wengine wakawacheka, wakasema wanatafuta kiki. Mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka. Nilikuwa kijana mdogo, lakini nilicheka.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi, na kwamba hilo ni jukumu sawa la mama na baba, wawe wameoana au la. Sawa, imeandikwa sawa. Sasa kwa nini baba akifanya hilo jukumu dakika ishirini anapewa mandazi, na mama akilifanya mwezi mzima anaulizwa kama hapiki?

Najua mtakuja na hii: "Watu wamelipa pesa zao, wanataka kutulia." Ni kweli, na sitakwepa. Mzazi akiacha mtoto akimbie katikati ya meza na weita amebeba supu ya moto, huyo mzazi amekosea, na atakayeungua ni mtoto. Mshike mtoto wako. Lakini huyo mtoto pia amelipiwa. Zile hoteli kubwa, angalia risiti: VAT asilimia 16 na ada ya utalii asilimia 2. Chipo za mtoto wa miaka mitano zimelipa ushuru kama zako. Na mara nyingi analipiwa sahani nzima ya mtu mkubwa kwa sababu hakuna ndogo, halafu anakula robo. Huyo ni mteja mzuri kushinda wewe unayekaa saa tatu na chai moja ukitafuta chaji. Nasema hivyo nikijua ni mimi.

Niwaambie nani alituonyesha inavyofanywa. Kuna kibanda karibu na soko, mwenyewe tunamwita tu Mathe. Siku ya kwanza, kabla hata atuulize tunakula nini, alileta nusu chapati na mchuzi wa madondo bila pilipili, akaweka mbele ya watoto. Akageuza kreti ya soda, akaweka leso juu, kiti kikawa tayari. Akaleta maji ya kunawa kwa jagi mpaka pale mtoto anafika. Mdogo hakulia. Huo ndio ujuzi wote: alilishwa kabla njaa impande kichwani. Mtoto aliyengoja ugali dakika arobaini atalia. Hata nyinyi mkiingia kwa komenti na njaa huwa tunawajua.

Kibanda si mbinguni. Hakuna choo, na mvua ikija kwa upande inaingia na wewe. Lakini sijawahi kusikia dada akiulizwa pale kama hapiki.

Wiki ya tatu niliona kitu. Tukiwa kwa hoteli za mjini, dada anaagiza chai tu. Nikadhani anaokoa pesa. Jioni moja nikamuuliza, "Dada, mbona huli?" Akasema, "Nikila, siwezi kumshika akianza. Nikimshika, chakula kinapoa na watu wanaangalia. Afadhali nikunywe chai, nitakula kesho kwa Mathe." Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, bila hasira, "Na siku zingine naogopa hapo nyuma kuna mtu kama wewe anarekodi."

Alikuwa ameona vidio. Kitambo. Ameishi na mimi miezi yote hiyo, ananipikia, ananifulia mpaka shuka, na hakuwa amesema neno.

Mtoto wa ile vidio alikuwa na mama pia. Sikuwahi kumwangalia uso. Sijui kama alimaliza chakula chake.

Kwa hivyo nyinyi wenye hoteli, hivi vitu havihitaji mkopo wa benki. Leteni chakula cha mtoto kwanza. Wekeni sahani ndogo kwa bei ndogo. Wekeni mahali pasafi pa kubadilisha nepi, hata kama ni meza tu na kitambaa, na baba naye aweze kuingia. Wafundisheni maweita kuokota kijiko kimya kimya.

Na nyinyi rika langu, mnaocheka na "timu bila watoto": kutotaka watoto ni haki yako, hakuna anayekulazimisha. Lakini mama akiwa anapigana na mtoto meza ya pili, weka simu chini. Ukiweza, sema, "Mama, nimshikie kidogo ule?" Akikataa, sawa, ana haki ya kukataa mtu asiyemjua. Basi angalia sahani yako.

Jikoni kulimalizwa mwezi wa tisa. Dada alipika ugali na kunde, tukala tumekaa chini kama watu wametoka safari. Jumapili iliyofuata nikamwambia turudi mjini, mimi nalipa. Akaagiza kuku. Mdogo akaanza kulia kabla hata supu ifike. Nikamchukua, nikasimama naye mlangoni tukihesabu pikipiki, na dada akala akamaliza, kikiwa moto.

Watu waligeuka kuangalia, kama kawaida. Waliniona mimi na mtoto, wakatabasamu. Hilo tabasamu ndilo nawaomba mumpe dada yangu siku nyingine akija peke yake.