Kisanduku cha Avec kina kufuli tatu, pesa ya kompyuta chuoni ina ngapi?

Leo naomba tuongee juu ya pesa. Si pesa ya vita, ni pesa ya masomo ya watoto wetu.

Kila mmoja wetu anajua namna mamá wa Avec wanavyokusanyika. Kisanduku cha chuma kinaletwa katikati. Kina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Anayekitunza nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Kinafunguliwa mbele ya wote, pesa inahesabiwa kwa sauti, mkopo unaandikwa, kisha kinafungwa mbele ya wote. Wengine kati ya mamá hao hawajui kusoma, lakini mwambie mmoja wao, "Wewe leta pesa tu, usiulize imefanya kazi gani," utaona namna atakavyokujibu.

Sasa mamá huyohuyo ana mtoto chuo kikuu. Mwanzo wa mwaka anapewa karatasi ya malipo: minervali, kujiandikisha, kadi ya mwanafunzi, na mstari mwingine unaosema "informatiki" au "intaneti". Analipa. Mwisho wa mwaka hakuna anayemwita kumwambia pesa ile ilinunua nini. Mtoto naye bado ananunua mega zake mwenyewe ili asome nota za mwalimu kwenye simu.

Hapo ndipo ninapopinga, na nitasema waziwazi: chuo kisichoonyesha hesabu ya teknolojia hakina haki ya kudai malipo ya teknolojia.

Sitaji chuo hata kimoja kuwa mkosaji. Goma ina utajiri wa vyuo: ULPGL iliyoanzishwa mwaka 1985, Chuo Kikuu cha Goma, ISIG, ISTA na vingine vingi. Wakubwa wao wana mzigo mzito. Vyuo vyetu vinaishi kwa malipo ya wazazi kuliko kwa pesa ya Serikali. Tena tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 benki za mji zilifunga milango, na kila kitu kikahamia kwenye M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Mzazi analipa ada ya chuo, na juu yake analipa gharama ya kutuma au kutoa pesa. Ninajua hayo yote. Lakini pesa ikiwa kidogo, ndipo inapotaka hesabu zaidi. Maskini hatupi franka mia bila kujua imekwenda wapi.

Tufanye hesabu pamoja. Namba hizi ni za mfano tu, kila chuo kiweke zake. Chukua chuo chenye wanafunzi 1,500, kila mmoja analipa dola 10 za informatiki. Hiyo ni dola 15,000 kwa mwaka. Wakubwa wanafurahi, wananunua kompyuta 30 kwa dola 350 kila moja. Zimetoka dola 10,500. Picha zinapigwa, utepe unakatwa, watu wanakunywa soda.

Lakini kompyuta haili hewa. Intaneti, tuseme dola 300 kwa mwezi, miezi 10 ni dola 3,000. Fundi wa kudumu, dola 200 kwa mwezi, mwaka mzima ni 2,400. Umeme na betri, tuseme 1,000. Jumla ya kuendesha chumba kile ni dola 6,400 kwa mwaka. Ongeza 10,500 za kununua, utapata 16,900. Pesa iliyoingia ni 15,000. Umeona? Chumba kimekufa siku ya kuzaliwa. Intaneti itakatwa kabla ya mitihani, fundi ataondoka, betri ikiharibika mlango utafungwa. Na mwaka ujao mwanafunzi ataombwa kulipa tena.

Mwenye kupanga angefanya namna nyingine. Mwaka wa kwanza angenunua kompyuta 20, dola 7,000, aongeze 6,400 za kuendesha: 13,400. Zinabaki 1,600. Mwaka wa pili angenunua 10 zilizobaki, dola 3,500. Pamoja na kuendesha ni 9,900. Kuanzia mwaka wa tatu hanunui tena, ila anaweka pembeni dola 2,100 kila mwaka, kwa sababu kompyuta hizo tukizipa miaka mitano zitachoka. Jumla yake ni 8,500. Akiwasamehe malipo hayo wanafunzi wahami 300, anakosa dola 3,000 tu. Bado anaingiza 12,000, na bado anabaki na akiba.

Rudia hesabu hiyo kichwani, mzazi. Inawezekana mhami asome bila kulipa informatiki na chumba kisife. Kinachohitajika ni kalamu na kupanga kabla ya kununua.

Wengine watasema kompyuta ni anasa, watu wanatafuta unga. Hapana. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilileta mfumo wa LMD, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vilianza kuufuata nchi nzima. LMD inamdai mwanafunzi kredi 60 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya kazi anaifanya peke yake, nje ya darasa. Afanyie wapi? Kwenye simu iliyopasuka, chini ya turubai? Ukimwekea mtoto sharti la LMD bila maktaba wala mashine, umemwekea mtego.

Kuna jambo jingine ambalo wahami wanalijua kuliko mimi. Aliyekimbia Masisi au Rutshuru hakubeba karatasi zake. Na aliyekuwa kambini Bulengo, Lushagala au Rusayo, kambi zilipobomolewa Februari 2025, alihama tena na kilichobaki mkononi. Sisi wenyewe wa Goma tulikimbia Nyiragongo mwezi wa kwanza 2002, tukakimbia tena mwezi wa tano 2021. Basi kitu cha kwanza cha kununua kwa pesa ya teknolojia kisiwe skrini kubwa ya ofisi ya mkubwa. Kiwe nakala za alama za wanafunzi, zihifadhiwe mahali patatu, na pamoja pawe nje ya mji. Diski ya kuhifadhia haifikii bei ya kompyuta mbili, lakini alama za miaka minne zikiungua hakuna pesa ya kuzirudisha.

Na si kila kitu kinanunuliwa. Moodle, programu ya kuweka masomo na kazi za wanafunzi, haina malipo ya leseni. Kiwix inaruhusu kusoma Wikipedia nzima bila intaneti. Seva moja ndogo ndani ya chuo, yenye vitabu vya wazi na nota za walimu, mwanafunzi anaunganisha simu yake pale bila kutumia mega hata moja. Kifaranga hakingoji mvua ili ajifunze kuchokora.

Tena kuna kununua kwa pamoja. Kenya, vyuo viliungana katika KENET tangu 1999, vikatafuta intaneti kwa sauti moja na kugawana gharama. Uganda wana RENU. Kongo nayo ina mtandao wake wa vyuo, Eb@le. Je, vyuo vya mji wetu vimekaa mara ngapi kwenye meza moja kumwambia muuzaji wa intaneti, "Sisi ni wanafunzi elfu kadhaa, tupe bei ya jumla"? Mamá wa Virunga wanajua kwamba gunia linanunuliwa kwa bei nyingine kuliko kilo.

Kwa hiyo ninadai mambo manne. La kwanza, hesabu ya malipo ya teknolojia ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, ule tunaouita valve: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Kubandika karatasi hakuhitaji benki kufunguliwa. La pili, pesa hiyo iwe na funguo tatu kama kisanduku cha Avec: mwenye fedha, mwakilishi wa walimu na mwakilishi wa wanafunzi, na isitoke bila sahihi zote tatu. La tatu, mwanafunzi mhami asizuiwe kufanya mtihani kwa sababu ya dola 10 za intaneti ambayo hajaiona. La nne, nakala za alama zifanywe mwaka huu, kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Hapa sisemi nani atawale na nani asitawale. Nasema juu ya pesa ya mamá aliyebeba makaa mgongoni kutoka Sake, na ya baba anayesukuma chukudu.

Wewe mzazi, siku ya kulipa, usiondoke na risiti tu. Uliza kwa heshima: "Pesa ya informatiki ya mwaka jana ilinunua nini?" Wakikujibu vizuri, washukuru na uwaambie majirani. Wakikasirika, rudi na wazazi wengine kumi, muulize tena.