Mwenzio akisema amechoka na safari

Hivi ni lini mara ya mwisho ulimwambia bosi wako, "Naomba nipunguziwe safari, nyumbani wananihitaji"? Wengi wetu husema mambo yakiwa yameshaharibika. Mwezi huu nakuletea mwanaume aliyesema mapema, tena akiwa kwenye kazi ambayo vijana kibao walikuwa wakiililia.

Anaitwa John Paul Jones, wa Led Zeppelin. Ukitazama picha za bendi ile, macho yanakwenda kwa Robert Plant, kifua wazi, au Jimmy Page na gitaa lake. Jones ni yule mkimya wa pembeni. Kazi yake rasmi ilikuwa gitaa la besi, lakini alipiga pia vinanda na mandolini, na zile filimbi za mwanzoni mwa Stairway to Heaven ni zake. Kinanda alikizoea mapema. Akiwa na miaka 14 tu alikuwa akipiga kanisani.

Mwaka 1968 alikuwa na miaka 22, akipiga na kupanga muziki wa watu wengine kwenye studio za London. Hela ipo, raha hakuna. Mkewe, Maureen, alichoka kumwona amenuna ndani ya nyumba, akamwambia atafute bendi. Ndipo alipompigia simu Page. Kwa hiyo dada zangu, tukiisifia Led Zeppelin, mama huyu naye tumpe chake.

Sasa ona mambo yalivyogeuka. Mwaka 1973 bendi ilizunguka Marekani, viwanja vinafurika. Mwishoni mwa mwaka, wakati wa kuingia kurekodi, Jones akamfuata meneja wao, Peter Grant, akamwambia anataka kuacha. Safari zilikuwa zimezidi, na nyumbani kulikuwa na mke na mabinti wadogo. Hakutaka kuiharibu bendi, ila hakutaka familia isambaratike pia.

Huyo Grant hakuwa mtu wa mchezo. Pande la mtu, mapromota wakimwona wanatetemeka. Ungetegemea amtolee macho, lakini wapi! Alimwambia akapumzike, afikirie. Muda wa kurekodi wakapewa Bad Company. Mwanzoni mwa 1974 Jones akarudi, na baadaye alieleza kwamba ratiba zilianza kutolewa mapema, na ziara wakati wa likizo za shule zikapungua. Basi! Mtu hakuomba nyongeza ya mshahara, aliomba kalenda. Mwaka 1975 wakatoa Physical Graffiti, santuri mbili kwa mpigo.

Sio kwamba urafiki wao haukuwahi kuyumba. Mpiga dramu, John Bonham, alifariki Septemba 1980 na bendi ikafa naye. Mwaka 1994 Page na Plant waliungana tena bila kumshirikisha Jones, na albamu wakaiita No Quarter, jina la wimbo ambao yeye ni mmoja wa watunzi wake. Hiyo inauma, jamani. Januari 1995, walipopewa heshima ya Rock and Roll Hall of Fame kule New York, Jones aliwashukuru marafiki zake kwa kuikumbuka hatimaye namba yake ya simu.

Desemba 2007 walisimama pamoja tena, ukumbi wa O2 London, Jason Bonham akikalia kiti cha baba yake.