AJALI INA KINGA



Kila unapotokea msiba wa barabarani, pana neno moja ambalo halikosi kusikika matangani: "Ajali haina kinga." Husemwa kwa nia njema, kumliwaza mfiwa, na mfiwa anastahiki kuliwazwa. Lakini neno hilo likitoka matangani likaingia maofisini, maskulini na majumbani mwetu, hugeuka kuwa udhuru. Aliyempa leseni asiyejua huonekana hana kosa. Baba aliyemkabidhi mwanawe ufunguo wa pikipiki kabla ya umri wake huonekana hana lawama. Na Serikali huonekana haina la kujibu. Sisi tunasema leo, bila ya kumkusudia mtu, kwamba ajali nyingi za vijana wetu zina kinga, na kinga hiyo ni malezi.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba kwa wenye umri wa baina ya miaka 5 na 29 hakuna sababu ya kifo iliyo kubwa kuliko hiyo. Tuyatafakari maneno hayo. Watoto waliovuka salama khatari za uchanga, waliochanjwa, waliosomeshwa kwa jasho la wazee wao, wanakuja kupotea katika lami.

Wako wasemao kwamba kijana ni dereva mzuri kwa kuwa jicho lake ni kali na mkono wake mwepesi. Ni kweli kuwa jicho lake ni kali. Kinachompungukia si jicho wala mkono, bali ni hisabu ya khatari, na hisabu hiyo haiji ila kwa mazoea. Gari iendayo kilomita 60 kwa saa hupita karibu meta 17 katika sekunde moja. Kijana akitupa jicho katika simu yake kwa sekunde tatu tu, amekwenda meta 50 kama kipofu, na katika meta hizo huenda pana mlango wa skuli, au mzee anayevuka kwenda msikitini. Tena kijana akiwa na wenziwe nyuma wanaomshangilia, hupenda kuwaonyesha ushujaa. Nasi sote tuliwahi kuwa vijana, twalijua hilo.

Wazee wetu wa pwani walilifahamu jambo hili kabla ya gari ya kwanza kushushwa visiwani. Mtoto wa baharini hakupewa usukani siku aliyopanda chombo. Alianza kwa kufua maji. Akafundishwa kamba na kutweka tanga. Akajifunza upepo, mikondo na miamba. Na hata alipokabidhiwa usukani, alikabidhiwa mchana, bahari ikiwa shwari, na nahodha yupo ubavuni pake. Usiku na bahari chafu vilikuja baadaye. Wala imani ya kudra haikumzuia nahodha hata siku moja kukagua kamba zake kabla ya kung'oa nanga.

Mwendo huo huo ndio ambao New Zealand iliutia katika sheria ya barabara mwaka 1987. Huko kijana hupanda daraja tatu. Kwanza huendesha akiwa na mtu mzima mwenye leseni kamili ubavuni pake. Kisha hupewa leseni yenye mipaka, ambayo kwayo haruhusiwi kuendesha peke yake baina ya saa nne ya usiku na saa kumi na moja ya alfajiri, wala kupakia wenziwe bila ya mtu mzima wa kumsimamia. Mwisho ndipo hupata leseni kamili. Nchi nyingine zimefuata njia hiyo, na Marekani majimbo yake yameiga kwa namna mbalimbali. Hapa petu, kijana aliyefaulu mtihani leo anaweza kesho yake kupakia rafiki zake wanne na kushika njia ya Nungwi usiku wa manane, kana kwamba cheti kimempa kwa siku moja uzoefu wa miaka kumi.

Basi tunaitaka Serikali itende, na katika hili haina pa kujificha. Usafiri wa barabara si katika mambo ya Muungano. Sheria yake hutungwa na Baraza letu wenyewe la Wawakilishi, na Dodoma haihusiki. Tunataka mambo matatu. Kwanza, leseni ya kijana itolewe kwa daraja. Pili, mafunzo ya barabara yaingie maskulini, Unguja na Pemba, tangu mtoto akiwa mwenda kwa miguu, kwani dereva mwema ni yule aliyejua kwanza khofu ya mvukaji. Tatu, mtihani wa leseni uwe mtihani wa haki, ada yake ibandikwe ukutani, na anayeshindwa ashindwe, awe mtoto wa maskini au wa mkubwa. Leseni inayopatikana kwa bahasha ni hati ya kuua iliyotiwa muhuri.

Lakini, ndugu zangu, hatuna haki ya kuinyooshea Serikali kidole kama mkono wetu wenyewe ni mchafu. Na tuseme kweli: ni nani kati yetu asiyeona yanayopita katika misafara ya mikutano yetu? Vijana wetu hutangulia kwa pikipiki, watatu watatu, mshikaki, bila ya helmeti, mmoja kasimama akipeperusha bendera, honi zikilia na wengine wakiachia usukani mikono yote miwili. Nasi viongozi tumo garini nyuma yao tukipunga mikono na kufurahia wingi wetu. Miongoni mwao wamo watoto ambao hawajafika umri wa leseni wala wa kura. Tunawaita jeshi la kesho, kisha tunawaacha wavunjike leo kwa ajili ya kupendezesha safari ya maili tano.

Chama kinachotaka kukabidhiwa nchi lazima kwanza kithibitishe kwamba kinaweza kukabidhiwa watoto wa watu. Kwa hiyo tunayapendekezea matawi yote: asiye na leseni asiendeshe chombo katika msafara wowote, asiye na helmeti asipande pikipiki, akiwa dereva au abiria, pikipiki ichukue watu wawili na si zaidi, na kila tawi liweke mtu mzima mmoja wa kusimamia mwendo. Kama msafara wetu utaonekana mfupi kwa sababu hiyo, na uwe mfupi. Mkutano hauhisabiwi kwa honi.

Na lililobaki ni la nyumbani. Mtoto hujifunza udereva miaka mingi kabla ya kushika usukani, akiwa amekaa kiti cha nyuma akimtazama baba yake. Baba akifunga mkanda, mtoto ameona. Akipokea simu huku akiendesha, mtoto ameona. Akimtukana mwenye baiskeli, au akimpenyezea askari noti mkononi, mtoto ameona pia, na siku yake ikifika atayatenda hayo hayo kwa mwendo wa kasi zaidi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mama anayekataa kutoa ufunguo leo ataitwa mkali, na mtoto atanuna siku mbili. Na anune. Kununa kwake nyumbani ni bora kuliko kulazwa kwake Mnazi Mmoja, au kupelekwa makaburini mapema.

Mwanachama, jioni ya leo, kabla ya kuhudhuria barazani, mwite kijana wako, kaa naye, na umuulize anajua nini juu ya barabara. Ukiona hajui, basi wa kumfunza ni wewe.