Baraza la Mtandaoni: Saa na Lugha ya Vikao vya Kakuma na Lodwar

Kikao cha mtandaoni kati ya Kakuma, Lodwar na Geneva kikivurugika, wengi hukimbilia kuilaumu mitambo: mtandao umekatika, umeme umepotea, sauti haisikiki. Lawama hizo zina ukweli wake. Hata hivyo, anayekitazama kikao hicho kwa jicho la isimujamii atagundua kuwa aghalabu huwa kimekwisha kuharibika kabla ya mtandao kukatika.

Tuanze na saa. Kenya haibadilishi saa zake mwaka mzima, ilhali Uswisi husogeza zake mara mbili, mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Kikao cha saa nne asubuhi ya Geneva huwa saa tano Kakuma katika majira ya joto ya Ulaya, na saa sita mchana katika majira ya baridi. Isitoshe, ipo hesabu ya Waswahili. Tangazo la Kiswahili likiandikwa "saa 9" na mtu aliyezoea saa za Kizungu, msomaji wa Lodwar atajiandaa kwa alasiri, kumbe mwandishi alikusudia asubuhi. Tiba yake ni nyepesi: tangazo litaje saa ya kila mji na sehemu ya siku. Ajabu ni kwamba jambo dogo kama hili hupuuzwa, kisha waliochelewa wakaitwa wazembe.

Suala zito zaidi ni lugha. Tangu kambi ya Kakuma ianzishwe mwaka 1992, imewakusanya Wadinka, Wanuer, Wasomali, Wakongo, Warundi na Waethiopia katika ardhi ya Waturkana. Kikao chao na wafadhili kikiendeshwa kwa Kiingereza pekee, wachache huzungumza, wengi hunyamaza, naye katibu huandika kuwa "wote walikubali". Hakuna sentensi ya hatari kuliko hiyo. Mwaka 2025 wakimbizi waliandamana Kakuma kwa sababu ya kupunguzwa kwa misaada ya chakula. Mambo yanayojadiliwa katika vikao vya namna hii ni unga na mafuta ya kupikia, si nadharia.

Wapo watakaodai kuwa Kiswahili nacho ni kigeni kwa Mturkana na Mdinka. Hoja hii haipaswi kubezwa. Hata Wakongo, waliozaliwa nacho wengi wao, hukisema kwa namna yao: Mkongo akitaja "masomo" huenda anamaanisha shule yenyewe, na mwenyekiti asiyeuliza ataandika jambo jingine kabisa. Lakini Kiswahili hufundishwa katika shule za kambi, na husikika sokoni kila siku. Anayekimudu pamoja na lugha ya kwao ni rahisi kumpata kuliko anayemudu Kiingereza cha ripoti. Kwa asiyekijua, awepo mkalimani. Chuo Kikuu cha Geneva chenyewe kimewahi kutoa mafunzo ya ukalimani Kakuma, kwa hiyo hakuna wa kusingizia kuwa wakalimani hawapatikani.

Limebaki suala la zamu. Wazee wa Kiturkana wanapokutana chini ya mti, msemaji husikilizwa hadi amalize. Mtandaoni, anayewahi kipaza sauti ndiye hushinda. Tena skrini ina udanganyifu wake: Geneva huonekana kama vidirisha sita, kila kimoja na uso wake, ilhali Kakuma ni kidirisha kimoja chenye watu kumi waliobanana mbele ya kompyuta moja. Mwenyekiti anayegawa zamu kwa kuhesabu vidirisha amekwisha kuwanyima tisa haki yao. Ni heri awaite watu kwa majina, akianza na walio mbali na kipaza sauti. Kisha kumbukumbu zisomwe kwa Kiswahili kabla ya kikao kufungwa, wakati ambapo mzee aliyeketi nyuma ya chumba kile bado anaweza kusema kwamba yeye hakukubali.