Funga kabati kabla ya kutundika pazia

Kazi yangu hapa Bugene ni kushona mapazia na vitambaa vya sebuleni, kwa hiyo nyumba za maharusi nazijua zikiwa bado mpya: kabati refu la vyombo, TV ya inchi 43 juu ya kimeza chembamba, kitambaa cha lesi kilichoning'inia hadi sakafuni. Zinapendeza, mashaallah. Ila mwaka ukipita kuna mtoto anayetambaa humo, na siku ya kununua hakuna aliyemfikiria.

Mimi pia sikumfikiria. Mwanangu alikuwa na miezi 16 alipovuta droo za kabati la nguo akazipanda kama ngazi. Kabati likaja naye. Lilizuiwa na ukingo wa kitanda, alhamdulillah, akatoka na mchubuko sikioni. Mama mkwe akashauri hirizi. Nikamjibu kwa adabu: mama, tumfunge mtoto mkono halafu kabati tuliache? Seremala alilikaza ukutani kwa vyuma viwili vya kona na skrubu, kazi ya nusu saa.

Msiseme ni ubovu wa mafundi wetu. Mwaka 2016 IKEA ilitangaza Marekani kurudishwa kwa makabati ya droo yapatayo milioni 29, baada ya watoto kuangukiwa na kufa. Yalikuwa yanapinduka yasipofungwa ukutani.

Kinachoniudhi zaidi ni umeme. Chaja ya miguu miwili ikikataa kuingia kwenye soketi, tunachomeka kalamu tundu la juu ili ya chini yafunguke. Mtoto anatutazama. Kesho atajaribu kwa msumari, au kwa nyumba kama yangu, kwa sindano. Na zile betri ndogo za duara kama sarafu, akimeza moja inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili. Hapo ni hospitali moja kwa moja, si kusubiri itoke.

Wapo wanaosema tahadhari nyingi ni upungufu wa tawakkul. Mtume (S.A.W) alituamrisha kuzima taa tunapolala, akataja hata panya anayeweza kuburuta utambi akaunguza nyumba. Panya! Sisi tunashindwa kumfikiria mtoto wetu?

Kwa hiyo bi harusi, ukija kwangu kutaka kitambaa cha meza cha kufika sakafuni, nitakushonea kifupi. Kirefu mtoto atakivuta, kishuke na chupa ya chai. Hicho rudi ukichukue watoto wakianza shule, inshaallah.